Kurudi Kunyanyua Vyuma Baada ya Kupandikizwa Nywele

Mtu aliyezoea vyuma, akishapandikizwa nywele, huuliza mapema sana ni lini atarudi mazoezini, na mara nyingi hupewa tarehe moja tu: wiki mbili, wiki tatu, mwezi. Huihesabu tarehe hiyo kana kwamba kichwa kizima kitapona siku hiyo hiyo. Lakini upasuaji huu huacha majeraha katika sehemu mbili, yaani mbele au utosini ambako vipandikizi vimewekwa, na kisogoni ambako vimetolewa. Kila sehemu hupona kwa kasi yake, na kila moja huumizwa na mazoezi ya aina tofauti. Wengi hulinda sehemu ya mbele kwa uangalifu mkubwa kwa sababu huiona kwenye kioo kila asubuhi, huku wakikisahau kisogo, na kisogo ndicho ambacho vyuma hukisumbua kwa muda mrefu zaidi.

Maelezo yafuatayo yanahusu mtu mwenye afya njema ambaye upasuaji wake haukuwa na matatizo. Daktari aliyekupasua ameiona ngozi yako na anajua idadi ya vipandikizi alivyoweka. Ratiba yake ikiwa ndefu kuliko hii, fuata yake. Mwenye shinikizo la juu la damu, kisukari, au anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu asianze zoezi lolote kabla ya kuzungumza naye.

Kwanza ujue ulifanyiwa kwa njia gani

Kwa njia ya FUE, daktari hutoa vinyweleo kimoja kimoja kwa kifaa chenye ncha ya duara, ambayo kipenyo chake kwa kawaida hakizidi milimita 1. Kisogo hubaki na matundu madogo mengi ambayo hujifunga yenyewe ndani ya siku chache bila kushonwa. Kwa njia ya FUT, kipande kirefu chembamba cha ngozi hukatwa kisogoni, kingo mbili za jeraha zikavutwa zikutane, kisha zikashonwa. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14 hivi, na hapo ndipo wengi hujidanganya kwamba jeraha limekwisha kupona kwa kuwa tu uzi haupo tena. Ngozi iliyokatwa na kushonwa huwa na takriban asilimia 20 tu ya nguvu yake ya awali ifikapo wiki ya 3, na hata baada ya miezi 3 huishia karibu asilimia 80. Kovu changa likivutwavutwa kila siku si lazima lipasuke. Mara nyingi hupanuka polepole bila maumivu, na mstari mwembamba uliotarajiwa kufichwa na nywele ukawa utepe mpana unaoonekana kila unapokata nywele fupi.

Kwa vipandikizi vyenyewe habari ni nzuri zaidi. Kila kimoja hubeba nywele 1 hadi 4, na kwa siku za mwanzo hushikiliwa na utando mwembamba wa damu iliyoganda, huku kikipata oksijeni na chakula kutoka kwenye majimaji yaliyokizunguka hadi mishipa midogo ya damu itakapoungana nacho. Mwaka 2006, madaktari Robert Bernstein na William Rassman walichapisha utafiti uliochunguza ni lini kipandikizi hushika kabisa. Waliona kwamba kufikia siku ya 6, kuvuta unywele hakukukitoa tena kipandikizi, ingawa kuvuta kigaga kilichogandamana na unywele huo kuliendelea kuwa hatari kwa siku kadhaa zaidi. Kufikia siku ya 9, vipandikizi havikuwa tena katika hatari ya kung'oka. Kwa hiyo, baada ya siku ya 10 au zaidi kidogo, sababu ya kuendelea kujizuia si hofu ya nywele kung'oka, bali ni hali ya ngozi: uvimbe, damu, maambukizi, na kovu la kisogoni.

Kinachotokea mwilini unapobeba uzito mkubwa

Anayenyanyua chuma kizito huvuta pumzi, hufunga koo, hukaza tumbo, kisha husukuma. Kufanya hivyo huimarisha uti wa mgongo, lakini hupandisha shinikizo la damu ghafla. Watafiti wakiongozwa na J. D. MacDougall walipima jambo hili mwaka 1985 kwa kuingiza mrija wa kipimo moja kwa moja kwenye mshipa wa mkono wa wanyanyua vyuma wenye uzoefu. Katika zoezi la kusukuma uzito kwa miguu yote miwili, wastani wa kilele cha shinikizo ulikuwa 320/250, na mmoja wao alipita 480/350. Mtu aliyetulia huwa karibu 120/80. Moyo na mishipa mikubwa ya mtu mwenye afya huvumilia kilele hicho kwa kuwa hudumu kwa sekunde chache tu, lakini ngozi ya kichwa yenye mamia au maelfu ya matundu mabichi haina uvumilivu huo. Damu huanza kuchuruzika kwenye matundu, uvimbe huongezeka, na kipandikizi ambacho hakijashika huweza kusukumwa juu.

Hali hiyo ya kufunga pumzi na kukaza tumbo haitokei kwenye jimu pekee. Hutokea chooni mtu anaposukuma choo kigumu, na baadhi ya dawa za maumivu zinazotolewa baada ya upasuaji hufunga choo. Kunywa maji ya kutosha, kula mboga na matunda, na usisukume kwa nguvu. Hutokea pia unapopiga chafya huku umebana mdomo, kwa hiyo fungua mdomo chafya itoke.

Mambo mengine matatu ni jasho, mgongano na mvuto. Jasho lina chumvi, nayo hufanya ngozi inayopona iwashe, na mwasho huuita mkono kichwani kabla akili haijakumbuka. Mgongano ni hatari zaidi ya unavyodhani, kwa sababu ngozi ya kichwa huwa na ganzi kwa wiki nyingi baada ya upasuaji na unaweza kugonga chuma pasipo kusikia maumivu ya kukuonya. Mvuto ni ule wa misuli ya shingo na mabega ambayo imeshikamana na eneo la chini ya kisogo, na humhusu zaidi aliyeshonwa.

Siku 10 za mwanzo

Siku 3 za kwanza si za mazoezi kabisa. Lala chali huku kichwa kimeinuliwa kwa nyuzi 45 hivi, tumia mito miwili au mitatu, na tembea ndani ya nyumba kila baada ya saa moja au mbili ili damu ya miguuni isitulie. Uvimbe wa paji la uso hufikia kilele kati ya siku ya 3 na ya 4, nao huweza kushuka hadi kwenye kope. Ukiinamisha kichwa chini ya usawa wa moyo unauongeza. Kitu kikianguka, kiokote kwa kuchuchumaa huku mgongo na shingo vikiwa wima, au mwombe mwingine akuokotee. Hali kadhalika kamba za viatu: vaa viatu vya kuchomeka.

Kuanzia siku ya 4 au ya 5, ikiwa kichwa hakitoi damu wala majimaji, unaweza kutoka nje na kutembea kwenye ardhi tambarare kwa dakika 15 hadi 30, wakati ambapo jua halina makali. Mwendo uwe ule unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kuhema. Ukianza kutokwa na jasho kichwani, umepita kiasi. Vaa shati la vifungo au la zipu, kwa sababu fulana ya kupitisha kichwani hukwaruza mstari wa mbele wa nywele wakati wa kuvaa na hata zaidi wakati wa kuvua, hasa ikiwa imelowa na inanata mwilini.

Pushapu chache, dambeli ndogo mkononi huku umekaa, au kujining'iniza kidogo tu: vyote hivyo viache. Najua ugumu wake kwa mtu ambaye mwili wake umezoea kazi kila siku, naye anajiona mzima kuanzia shingoni kwenda chini. Lakini nguvu za misuli hazipotei kwa wiki mbili au tatu za kupumzika. Kinachopungua haraka ni pumzi, nacho hurudi upesi. Misuli ikionekana kusinyaa kidogo, sehemu kubwa ni maji na sukari iliyohifadhiwa ndani yake, ambayo hujaa tena ndani ya vikao vichache vya mazoezi. Kipandikizi kilichong'oka hakirudi, na kisogo hakina akiba isiyo na mwisho ya kuchotwa upya.

Wiki ya pili

Vigaga vingi hulainika na kudondoka vyenyewe kati ya siku ya 7 na ya 14, kwa kuoshwa kwa upole kama kliniki ilivyokufundisha. Kwangu mimi kipimo bora cha kuongeza mwendo ni ngozi yenyewe kuliko kalenda: ngozi iwe kavu, vigaga viwe vimekwisha au vimebaki vichache, pasiwe na sehemu inayotoa damu ukiigusa kwa ncha ya kidole safi. Hapo unaweza kuongeza kutembea kwa kasi au baiskeli ya kukaa wima isiyo na ugumu mwingi, kwa dakika 20 hadi 30. Kukimbia kusubiri kidogo, kwa kuwa kunaleta jasho jingi na mtikisiko. Mashine ya kupiga makasia isubiri zaidi, hususan kwa aliyeshonwa, kwani kila mvuto hupita mabegani na shingoni.

Kurudi kwenye vyuma kwa aliyefanyiwa FUE

Kwa mtu wa FUE ambaye ngozi yake imefunga vizuri, vyuma vyepesi huweza kuanza katika wiki ya 3, yaani baada ya siku 14 kamili kupita. Anza na nusu ya uzito uliokuwa ukibeba, au chini ya hapo. Fanya marudio 12 hadi 15 kwa seti, na ukimaliza seti uwe na uhakika kwamba ungeweza kuongeza marudio manne au matano zaidi. Toa pumzi wakati wa kusukuma au kuvuta, na uivute wakati wa kurudisha uzito. Ikiwa huwezi kuhesabu marudio yako kwa sauti ya kawaida, basi unafunga pumzi, na uzito huo bado si wako wiki hii. Pumzika dakika mbili au tatu kati ya seti hata kama huhitaji, ili shinikizo lishuke na jasho lipungue.

Chagua mazoezi ambayo kichwa hubaki juu na huru: kusukuma mbele kwenye mashine ya kukaa, kuvuta kebo kuelekea kifuani ukiwa umekaa, kukunja mikono kwa dambeli, kunyoosha na kukunja magoti kwenye mashine, kuchuchumaa huku umeshika dambeli moja mbele ya kifua.

Benchi la kusukuma chuma kifuani linahitaji maelezo ya peke yake. Unapolala chali, kisogo kizima, yaani eneo lile lile lililotolewa vinyweleo, hukandamizwa kwenye ngozi ya bandia iliyolowa jasho la watu wengine. Na unaposukuma uzito mkubwa, kichwa huchimba kwenye benchi na kusuguka bila wewe kutambua. Kabla ya wiki ya 4, tumia mashine ya kukaa. Ukirudi kwenye benchi, tandika taulo safi iliyofuliwa, inua mgongo wa benchi kidogo, na ufanye kwa uzito ambao hauhitaji kukandamiza kichwa. Benchi la kuinamia, ambalo kichwa huwa chini kuliko kiuno, liache hadi mwezi mzima upite. Ndivyo ilivyo pia kwa mashine ya kusukuma kwa miguu yenye mgongo uliolala, ambayo ndiyo iliyotoa zile namba za shinikizo nilizozitaja.

Kuchuchumaa na chuma mabegani kuna hatari mbili. Chuma huweza kugusa sehemu ya chini ya kisogo wakati wa kukiweka sawa, na wakati wa kuingia chini yake, mtu huinamisha kichwa na kupita chini ya kitu cha chuma kisichosogea. Aliyezoea hupita hapo bila kufikiri, na ni hapo hapo utosi wenye ganzi hugongwa. Weka chuma juu kidogo kuliko kawaida, ingia taratibu huku mkono mmoja umetangulia mbele ya paji la uso, au tumia dambeli kwa mwezi wa kwanza. Kunyanyua chuma kutoka sakafuni kunaunganisha kuinama, kufunga pumzi na kukaza mabega kwa wakati mmoja; kwa hiyo liwe zoezi la mwisho kurudi, si mapema kuliko wiki ya 4 au ya 5, na kwa uzito mdogo.

Ukiona kila kitu kimetulia, ongeza uzito kwa takriban asilimia 10 kila wiki. Wengi wa FUE hurudi kwenye mazoezi yao kamili kati ya wiki ya 4 na ya 6. Kujaribu uzito wako wa juu kabisa kungoje mpaka mwisho wa muda huo.

Kwa aliyeshonwa

Aliyefanyiwa FUT aongeze muda katika kila hatua. Vyuma vyepesi vianze baada ya wiki ya 4, na kwa mazoezi ya miguu kwanza. Yale yanayovuta shingo na sehemu ya juu ya mabega, kama vile kupandisha mabega kwa dambeli nzito, kusukuma chuma juu ya kichwa, kujivuta kwenye chuma cha juu, kuchuchumaa na chuma mabegani na kunyanyua kutoka sakafuni, yasubiri miezi 3, na daktari akague kovu kabla ya kuanza. Mazoezi ya tumbo yale ya kushika kisogo kwa mikono na kukivuta mbele yaondolewe kabisa, kwa kuwa yanainamisha kidevu kifuani na kulinyoosha kovu kwa kila rudio. Simama mbele ya kioo, inamisha kidevu polepole: ukihisi ngozi ya kisogo inakaza kama iliyobanwa, huo ndio mvuto ambao kovu linapata, na uzito hauzidishi chochote isipokuwa huo.

Jasho, taulo, kofia na maji

Baada ya kila kikao, osha kichwa mapema kwa maji ya uvuguvugu na shampuu laini, kisha kausha kwa kugusagusa na taulo safi. Usisugue. Usitumie taulo ile ile iliyofuta benchi. Usivae kofia ya kubana wala utepe wa jasho kwenye paji la uso katika wiki za mwanzo. Kofia pana isiyogusa mstari wa mbele inafaa nje kwenye jua baada ya daktari kuruhusu. Vipokea sauti vya kupita juu ya kichwa huacha mkandamizo utosini, kwa hiyo tumia vile vya kuingiza masikioni. Bwawa la kuogelea lenye klorini, bahari, na chumba cha mvuke visubiri mwezi mzima angalau. Michezo ya kugusana, kama ngumi, mieleka, mpira wa miguu wenye kupiga kichwa, isubiri wiki 6 au zaidi.

Wakati huo huo utaona nywele zilizopandikizwa zikidondoka, kwa kawaida kati ya wiki ya 2 na ya 8. Kwa kuwa ndio muda ule ule unaorudi jimu, ni rahisi kuyalaumu mazoezi. Unywele hudondoka, mzizi hubaki chini ya ngozi ukipumzika, na nywele mpya huanza kuchomoza karibu na mwezi wa 3 au wa 4. Matokeo hayahukumiwi kabla ya mwezi wa 12.

Virutubisho na dawa

Unga wa kuongeza nguvu kabla ya mazoezi una kafeini nyingi na hupandisha shinikizo la damu. Uache mpaka urudi kwenye mazoezi kamili. Kuhusu kreatini, hofu nyingi inatokana na utafiti wa mwaka 2009 uliofanywa kwa wachezaji wa raga nchini Afrika Kusini, ambao ulionyesha kupanda kwa DHT, homoni inayochangia upara wa wanaume, lakini haukupima upotevu wa nywele. Homoni za kujenga misuli ni jambo jingine kabisa. Vipandikizi vya kisogoni kwa kawaida huhimili DHT, lakini nywele za asili zilizosimama katikati yao hazihimili, na anayetumia homoni hizo anaweza kuzipoteza zote na kubaki na vipandikizi peke yake vikiwa visiwa kichwani. Anayetumia minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, akumbuke kwamba dawa hiyo ilianza kama dawa ya kushusha shinikizo la damu. Akihisi kizunguzungu anapoinuka kutoka kwenye benchi, akae, amalize kikao siku hiyo, na amweleze daktari.

Ukiona haya, simama

Damu mbichi ikitoka kwenye eneo la vipandikizi, acha zoezi, kaa wima, weka shashi safi na ukandamize kwa upole bila kusugua kwa dakika 10. Kigaga kilichodondoka na unywele bila damu katika wiki ya pili ni kawaida. Kilichodondoka na damu kinahitaji daktari kuambiwa siku hiyo hiyo. Maumivu ya kisogo yanayoongezeka badala ya kupungua, wekundu unaosambaa, joto, usaha, homa, au mshono unaoonekana kuachana, ni dalili za kwenda kliniki bila kusubiri miadi. Vipele vidogo vya hapa na pale baada ya wiki kadhaa, nywele mpya zinapotafuta njia ya kutoka, mara nyingi hutulia kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu. Usivitumbue, na vikizidi au vikiuma, piga picha kwenye mwanga wa kutosha, uitume kliniki, na kikao kinachofuata kingoje mpaka upate jibu.